Nyumba Iliyotundikwa Ukutani

Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuwavunja watu moyo kwa upole. Walikuja na vitu vyao vya kale wamevifunga kwenye mashuka, wamevikumbatia kama watoto wachanga, na yeye alivifungua, akavitazama, akawaambia vina thamani gani. Takriban kila mara thamani hiyo ilikuwa ndogo kuliko nauli ya ndoto waliyokuja nayo.

Watu wa mtaa ule walimwita Lenzi, kwa sababu ya kile kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni mwake kwa uzi mweusi. Alikuwa ameliitikia jina hilo muda mrefu mno, hata marehemu mkewe alimwita hivyo hivyo alipomtuma sokoni. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, magoti mabovu, na jicho moja la kulia lililochoka kuliko la kushoto.

Duka lilikuwa chumba kirefu chembamba kama utumbo. Mbele, penye mwanga, alikaa mwenye duka, ambaye kila mtu alimwita Tajiri ingawa viatu vyake vilisema vingine. Katikati kulijaa redio za mbao, pasi za mkaa, simu za kuzungusha namba kwa kidole, na mikebe ya sarafu ambazo hazikununua kitu tena popote duniani. Mwisho kabisa, chini ya dirisha pekee, ndipo ilipokuwa meza ya Lenzi, imetandikwa kitambaa cha kijani kilicholiwa na mende pembeni.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza aliuliza maswali matatu: kitu hiki kimetoka wapi, nani alikigusa mwisho, na nani alikuambia ni cha thamani. Kisha alitazama kimya. Halafu aliandika kwenye kadi ngumu mistari mitatu: kitu, hali, thamani. Akatia sahihi, akaigeuza kadi kifudifudi, akaisukuma upande wa pili wa meza, na wakati mwenyewe akisoma, yeye aliangalia dirishani. Hakutaja bei kwa mdomo hata siku moja. Alikuwa amegundua mapema kwamba mtu akitajiwa bei hubishana na aliyeitaja. Akiisoma mwenyewe, hubishana na nafsi yake, na huko kelele ni chache.

Swali la tatu ndilo lililomchosha. Jibu lilikuwa lile lile. Babu aliambiwa na mtaalamu. Shangazi aliambiwa na mtaalamu mmoja, alipita nyumbani zamani, akasema sahani hii usiuze. Mtaalamu huyo hakuwa na jina wala anwani. Alipita kila nyumba, akasema neno lake tamu, akaenda zake. Na miaka baadaye wajukuu walipanga foleni mbele ya kitambaa cha kijani kuja kulia. Lenzi na Tajiri walikuwa wamemfanya mzaha wao wa kila siku.

"Leo kapita?" Tajiri aliuliza wakifunga milango.

"Kapita mara mbili. Asubuhi kwa mwalimu mstaafu mwenye stempu, mchana kwa yule mama wa birika."

"Birika alilolisugua kwa mchanga?"

"Likang'aa kama kipara chako. Na nakshi zote zikaenda na maji."

"Ningemkamata huyo Mtaalamu, ningemfunga kamba hapa mlangoni, kila mteja ampige kofi moja."

"Mkono ungewauma wao kabla yeye hajachoka."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wawili waliokwisha kuchekea jambo hilo hilo mara elfu, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Alhamisi moja, karibu na adhuhuri, aliingia dada yake. Alikuwa kitindamimba wa mama yao, miaka kumi na minne nyuma yake, mwanamke mwembamba mwenye mabega ya mtu aliyebeba sana. Alikuwa amebeba mzigo mgongoni, umefungwa kwa shuka ya bluu, na Lenzi aliutambua kabla haujafunguliwa. Alilijua umbo lile tangu hajajua kusoma.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja na hiyo kwa miguu?"

"Ningepanda gari ingegongwagongwa." Aliitua mezani taratibu, akajinyoosha mgongo, akafuta jasho kwa ncha ya shuka. "Mama nilimbeba hivi hivi kumpeleka bafuni, miaka kumi na moja. Yeye alikuwa mzito kidogo, na alikuwa anagomba njia nzima. Hii haigombi."

Ilikuwa saa ya ukutani ya baba yao: kisanduku cha mbao nyeusi chenye mlango wa kioo, timazi ya shaba ya kuyumba nyuma yake, na juu nakshi ya majani iliyovunjika jani moja. Ilikuwa na tabia yake. Siku walipohamia nyumba ile, baba aliidondosha ngazini, na tangu hapo ikawa inagonga pigo moja zaidi ya saa yenyewe. Mishale ikisimama kwenye tatu, inagonga mara nne. Fundi yeyote angeirekebisha, lakini baba alipofariki mama alikataa isiguswe. Kwa hiyo nyumbani kwao kila mtoto alijifunza kutoa kabla ya kujifunza kujumlisha: saa ikigonga, toa moja, ndiyo saa. Wageni walichelewa au waliwahi. Wenye nyumba hawakukosea.

"Nataka unipimie," alisema dada. "Nimepata vyumba viwili, nyuma ya tangi la maji. Mwenye navyo anauza, amekubali kunisubiri mpaka Jumamosi. Dereva ameshasema mwisho wa mwezi niwe nimetoka. Mke wake anakuja na vyombo vyake."

Dereva alikuwa mtoto wa kati, mwendesha lori. Nyumba ya mama ilikuwa fungu lake.

Kutoka mbele ya duka Tajiri aliita, "Muulize vizuri kaka yako. Huyo akishika lenzi hana undugu."

"Namjua," alijibu dada, akicheka. "Alinipima mimi nilipozaliwa, akasema nina kasoro."

Lenzi alivuta kadi mpya. Mkono ulifanya kazi yake bila kumngoja, na mdomo pia. Saa hii imetoka wapi. Kwa baba. Nani aliigusa mwisho. Mimi, naijaza ufunguo kila Ijumaa. Na swali la tatu likatoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya kuchoka aliyowatolea wageni.

"Nani alikuambia ni ya thamani?"

Dada alimtazama kana kwamba anamngoja amalizie mzaha.

"Si wewe, kaka."

Mbele ya duka Tajiri alikuwa anapangusa redio. Kitambaa kilisimama.

Ilikuwa kweli. Mwaka aliofariki baba, kabla machozi ya matanga hayajakauka, alikuja mchuuzi wa vitu chakavu, akapita akigusagusa hiki na kile, akaitajia saa ile bei ya kilo mbili za sukari. Mama alikaa chini sakafuni. Hakuwa analilia saa. Alikuwa ameishi na mtu kwa miaka thelathini na mitano, na sasa mgeni mwenye gunia alikuwa anamwambia yote aliyoacha yana uzito gani. Lenzi wakati ule alikuwa na miezi mitatu tu kwenye duka la Tajiri. Kioo chenyewe kilikuwa kipya shingoni. Alikitoa kwa madaha, akapanda kiti kuifikia saa, akaichungulia nyuma na mbele, akashuka, akasema kwa sauti ya mtu mkubwa: "Mama, hii usiuze. Hii ni nyumba nzima imetundikwa ukutani."

Mama akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Ulimi hauna mfupa, na siku ile haukuwa na hata aibu. Kisha Lenzi akalisahau neno lile, kama mtu anavyosahau mbegu iliyodondoka mfukoni.

Mama hakulisahau. Alipoanza kudhoofika aliita jirani mwenye mwandiko mzuri, akagawa mali yake kwenye daftari. Nyumba kwa wa kati, kwa kuwa ana watoto wengi. Kiwanja cha nyuma kwa mkubwa. Na saa kwa kitindamimba, aliyeacha kazi ya ushonaji akaja kumuuguza. "Saa ina thamani ya nyumba nzima, alisema mtu anayejua," ndivyo lilivyoandikwa. "Asije mtu akasema nimependelea."

Daftari lilisomwa miezi minane iliyopita, wote watatu wakiwa sebuleni. Lenzi alisikia kila neno. Alitazama viatu vyake. Alijiambia atasema kesho, watu wakiwa wametulia. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mvua, mvua ikawa kiangazi. Na ukweli mwingine, ule wa chini kabisa, ni kwamba alikuwa amechoka. Alikuwa ameshachora nyuma ya kadi iliyoharibika vyumba viwili na baraza, vya kujenga kwenye kile kiwanja, akae hapo mwaka ujao asiangalie tena kitu cha mtu yeyote.

"Kaka? Mbona umeganda?"

"Naitazama."

Aliufungua mlango wa nyuma, ingawa hakuhitaji. Kisanduku kilikuwa cha kiwanda kimoja, kilichotoa saa za aina ile kama mkate. Mashine haikuwa hata ya kisanduku chake. Matundu ya skrubu za zamani yalionekana wazi pembeni, yamezibwa kwa nta. Ilikuwa mashine ya kambo, imelelewa kwenye nyumba isiyo yake, na imejitahidi. Hata siku ile juu ya kiti, akiwa na miezi mitatu tu ya kazi, alikuwa ameyaona matundu yale.

Aliandika mistari mitatu. Akatia sahihi, akageuza kadi, akaisukuma. Akaangalia dirishani, ambako kulikuwa na ukuta na bomba la maji machafu, kama kawaida.

Dada alisoma. Akasoma tena, kidole kikifuata mstari wa tatu.

"Hii ni bei ya nini?" aliuliza. "Kwa vitu vya dukani, hii inanunua nini?"

"Godoro."

"La futi ngapi?"

"Nne. Ukibembeleza wanakupa na mto."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi angalau sitalala sakafuni nikifukuzwa." Alikunja mikono juu ya shuka ya bluu. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Juu ya kiti."

"Na siku ya daftari?"

Bomba dirishani lilidondosha tone, likadondosha jingine.

"Nakuuliza, kaka. Mimi nilikaa kwenye mkeka, Dereva kwenye kochi, wewe mlangoni. Jirani aliposoma 'alisema mtu anayejua', nilikutazama. Nilitaka tucheke kidogo, maana nilijua ni wewe. Ukainamisha kichwa. Nikadhani unalia."

"Nilimdanganya mama kwa sababu alikuwa amekaa chini," alisema Lenzi. "Ile ya pili sina sababu."

"Unayo. Sema tu."

"Nilitaka kiwanja. Nimechoka."

Dada aliipokea ile kauli kama alivyopokea mambo mengi: macho yakiwa kwenye kazi iliyobaki. "Mimi nilichoka mwaka wa tatu wa kumuuguza," alisema hatimaye. "Hiyo mingine minane nilikwenda hivyo hivyo."

"Chukua kiwanja. Leo hii twende kwa mwandishi wa hati, nakuandikia."

"Sitaki."

"Ni chako kwa haki."

"Ukinipa hapa, kwenye meza yako, ni sadaka. Kila ukija utakagua kama nimefagia. Na Dereva atasema kaka ana moyo mzuri, atakusifu, na mimi nitakuwa yule dada aliyesaidiwa." Alirudisha kadi kwenye kitambaa cha kijani. "Nataka Jumapili uje nyumbani, useme mbele ya Dereva ulichomwambia mama. Mama hakupendelea. Aligawa gizani, na taa ulikuwa nayo wewe. Sasa niandikie kadi nyingine."

"Nyingine ya nini?"

"Ya siku ile. Ulipima, si ulipima? Hukuandika. Andika sasa."

Kwa miaka yote ile Lenzi hakuwa ametoa kadi ya uongo. Alikuwa amewaudhi matajiri, mapadri na masheikh, amemliza jirani yake mwenyewe, na alilala akijua kuwa kadi zake zote, popote zilipo, zinasema kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake. Alichukua kadi ya pili, akaweka tarehe ya mwaka ule wa msiba. Kitu: saa ya ukutani. Hali: nzuri sana. Thamani: nyumba nzima. Akatia sahihi, akaigeuza kifudifudi, akaisukuma.

Dada alizichukua kadi zote mbili, akazitia kifuani. Akaibeba saa mgongoni, akakaza fundo. "Kwaheri, Tajiri," alisema akipita.

"Karibu tena, mama," alisema Tajiri, akirudi kwenye redio yake.

Jioni, wakifunga milango, mazoea yalimshinda Tajiri. "Leo kapita?" aliuliza, kisha akajutia.

"Huyo hapiti, Tajiri," alisema Lenzi, akitafuta tundu la kufuli. "Amekaa mwisho wa duka miaka yote hii. Chini ya dirisha."

Jumapili alifika kabla ya alasiri. Ukutani pa sebule palikuwa na mraba mweupe, msafi kuliko ukuta wote, na msumari katikati. Saa ilikuwa imesimamishwa mezani. Dereva alikuwa kwenye kochi, mtu mnene mwenye sauti ya kuzoea injini, na kadi mbili zilikuwa magotini pake.

Lenzi alisema yote akiwa amesimama. Hakupamba. Alipomaliza, Dereva alizigeuzageuza zile kadi kama leseni anayoishuku.

"Kwa hiyo ulimi uteleze wako, nianguke mimi."

"Ndiyo nimekuja kusema."

"Umekuja kusema. Miezi minane nimepaka rangi chumba cha mbele, nimemwambia mke wangu afunge vyombo. Leo ndiyo umekumbuka una mdomo?"

"Nilikuwa nao. Niliufunga."

"Kaka, wewe kazi yako ni kuwaambia watu ukweli. Unalipwa kwa hilo."

"Ndiyo."

Dereva alimgeukia dada yao. "Na wewe unataka nini? Nitoke?"

"Nataka ujue kuwa mama alitaka tuwe sawa. Baada ya hapo semeni ninyi. Mimi nilishasema kila siku nilipomwogesha, na hamkuwepo kunisikia."

Dereva alitazama mlango wa chumba cha mama, ambao tangu msiba alikuwa akiupita haraka. Katika miaka ile kumi na moja alikuja akaondoka, akaacha unga na dawa mezani, akasema lori linasubiri. Lilikuwa linasubiri kweli. Alisugua uso kwa viganja vyote viwili.

"Chumba cha mama hutoki," alisema. "Na kile cha uani. Mke wangu nitaongea naye mimi, na Mungu anisaidie. Lakini sebule ni moja, mtagombana, msiniite njiani."

"Hatutakuita," alisema dada. "Simu yako hata hivyo haishiki."

"Na kiwanja ni fungu lake," alisema Lenzi. "Si zawadi. Nasema mbele yako, Dereva, na kesho naandika. Ajenge karakana yake ya ushonaji, apangishe, apande mchicha, simo."

"Na wewe utakaa wapi ukizeeka?"

"Nimeshazeeka. Nitakaa dukani."

Alitoa mfukoni ile kadi iliyoharibika, yenye vyumba viwili na baraza, akaitazama mara moja. Mchoro haukuwa mbaya. Akaikunja, akaitia chini ya mguu mmoja wa meza, ambao tangu utoto wao ulikuwa mfupi. Saa juu yake ikatulia, ikaacha kuyumba.

"Irekebishe," alisema dada ghafla.

"Nini?"

"Hiyo kugonga kwake. Mama hayupo wa kukataza. Nimechoka kutoa."

Ilikuwa saa kumi kasoro. Lenzi alifungua mlango wa kioo, akapeleka kidole nyuma ya uso wa saa mpaka akagusa kijiti kidogo kinachoiachilia nyundo igonge, akakiinua. Saa ikagonga mara tano. Akakiinua tena, ikagonga mara sita. Njia pekee ya kuirudisha pigo moja ilikuwa kuipeleka mbele karibu mzunguko mzima, mara kumi na moja mfululizo, na wote watatu wakaisikiliza ikimaliza usiku wao, alfajiri yao na asubuhi yao, ikihesabu kwa haraka kwenye meza ya mama, mpaka ikafika pale ilipopaswa kuwa na kunyamaza. Dereva akaitwaa kwa mikono miwili, akaitundika kwenye msumari wake, akainyoosha kwa kidole gumba.

Wakakaa wakiingoja. Magoti ya Lenzi yalimuuma, na kesho ilikuwa Jumatatu.

Mishale ikasimama kwenye nne. Saa ikagonga mara nne, sawasawa, kama ilivyokuwa haijagonga tangu siku ya ngazi. Na wote watatu, bila kutazama, wakatoa moja.

"Kumbe bado saa tisa," alisema Dereva, akijiegemeza tena kwenye kochi, na kwa muda hakuna aliyemsahihisha.